Chokoleti Kiasi, Chungwa Kiasi

Sufuria ya kwanza iliungua kabla hajamaliza kusoma mstari wa pili. Moshi ukajaa jikoni, mzee akaikamata sufuria kwa mkono mtupu, akaiachia, akaitukana kama mtu anayemtukana mtu.

"Rahisi sana!" alisema, akipuliza vidole. "Eti rahisi sana!"

Maneno hayo hakuyatunga yeye. Yalikuwa juu ya ukurasa wa daftari, kwa mwandiko wa mkewe, tena yamepigiwa mstari: Chokoleti na machungwa, rahisi sana. Chini yake maelezo yenyewe, kama yanastahili kuitwa maelezo. Yeyusha chokoleti kiasi juu ya mvuke. Maji ya chungwa kiasi. Ganda lake lililokwanguliwa, kiasi. Siagi kiasi. Biskuti zilizopondwa, kiasi. Ikishika, viringisha. Basi.

Haya, kiasi ni kiasi gani? Gramu ngapi? Muulize mwandishi wa daftari.

Mwandishi wa daftari alikuwa ameketi pale pale jikoni, kwenye kiti chenye mito miwili karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani. Alimtazama mumewe, akaitazama sufuria.

"Bado," alisema.

"Bado nini, bibie? Imeshaungua, hiyo."

"Bado."

Tangu kiharusi kilipompiga, miezi minne sasa, neno lililombakia kinywani lilikuwa hilo moja. Yeye aliyekuwa akizungumza tangu chai ya asubuhi mpaka taa kuzimwa, ukimpa nafasi na ukimnyima! Umeamkaje? Bado. Kuna baridi? Bado. Daktari alimweka mzee pembeni akamwambia taratibu, "Limebaki tu mdomoni, mzee wangu. Usilitafutie maana, utajiumiza bure." Na mzee aliheshimu neno la mtu anayeijua kazi yake. Hakulitafutia maana.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kazi yake. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa mizani, akizunguka duka kwa duka na kisanduku cha mbao chenye mawe ya shaba ya kupimia uzito, kila jiwe na tundu lake. Mawe hayo hakuyagusa kwa kidole hata siku moja, aliyainua kwa koleo dogo, kwa sababu jasho la kidole nalo lina uzito. Wenye maduka walimbandika jina la Mzee Gramu, wakidhani wanamtania. Lo, alilivaa kama nishani! Na mtu huyo ndiye aliyeoa mwanamke anayepika kwa kiganja na jicho. Kila alipotaka kumpimia chumvi, mkewe alimfukuza jikoni kwa mwiko. "Toka, Bwana Gramu, nenda kapime upepo!" Walicheka hivyo miaka yote.

Leo hakuna aliyekuwa anacheka. Kando ya mlango lilikuwa limekaa begi la nguo, limefungwa zipu.

Mambo yenyewe yalianza Alhamisi, binti yao alipopiga simu kutoka mjini kwake.

"Baba, nasikia mama anakonda. Amepungua kiasi gani?"

"Kilo sita na gramu mia mbili," mzee alijibu papo hapo, kwa sababu alimpima kila Jumapili na kuandika. Hapo ndipo alipotambua kwamba amejishtaki mwenyewe, tena kwa usahihi mkubwa.

"Baba, umejitahidi," binti alisema, na sauti yake ilikuwa na machozi. "Lakini huwezi peke yako. Jumamosi saa nane nakuja kumchukua. Mfungashie nguo."

Angesema nini? Kwamba anafuata karatasi aliyopewa hospitali siku ya kutoka, barabara, bila kuruka mstari? Uji gramu mia mbili asubuhi. Mchana wali laini, gramu mia mbili. Usiku vivyo hivyo. Na mkewe alikuwa anamaliza, sahani inabaki nyeupe. Sasa anakondaje mtu anayemaliza chakula? Mzee aliumiza kichwa mpaka akapata jibu moja tu: moyo wake umechoka na uji. Anataka kitu cha kumrudishia ladha. Na hapo akazikumbuka chokoleti zake, vile vidonge vya mviringo alivyokuwa akiviringisha huku anakula, mpaka vya wageni vinabaki nusu. Binti akifika akamkuta mama yake anakula kwa raha zake, pengine ataliacha begi. Hesabu yake yote ilikuwa hiyo.

Alipiga moyo konde, akaanza upya. Safari hii aliweka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, kama daftari lilivyosema, jambo ambalo mwanzo hakulisoma, na chokoleti ikayeyuka vizuri. Ganda la chungwa je? Kwa kuwa daftari lilikuwa bubu, aliamua mwenyewe: gramu kumi. Namba nzuri, ya duara. Akakwangua chungwa zima, mizani ikasema sita. Akakwangua tena palepale alipokwisha kukwangua, akaingia kwenye nyama nyeupe ya ganda, akaendelea mpaka mshale ukasimama kwenye kumi kamili. Akatabasamu. Akachanganya, akachota ncha ya kijiko, akampelekea mkewe.

Mkewe aliweka mdomoni. Uso wote ukajikunja, akatema kwenye leso.

Mzee akaonja. Chungu! Uchungu wa kukausha mate. Kumi kamili, na haiingii mdomoni.

"Bado," mkewe alisema, akijifuta.

"Nimesikia," mzee alijibu kwa ukali kidogo, akavaa viatu.

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Muuzaji alipomwona tu aliinua mikono juu.

"Mzee Gramu! Mizani yangu iko sawa, naapa!"

"Nataka chokoleti."

"Tena? Si umechukua asubuhi? Umepata wajukuu bila kutuambia?"

"Nipe chokoleti, kijana, nina haraka."

"Zimebaki hizi tu, mzee. Mzigo mwingine Jumatatu."

Jumatatu! Jumatatu kiti cha dirishani kitakuwa na mito miwili tu. Mzee alizichukua, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, honi ikamlilia.

Saa saba ilikuwa imeshapita. Safari hii hakutaka mchezo. Alivunja chokoleti vipande sawasawa, akapunguza moto, akakoroga polepole mpaka bakuli likang'aa. Akakwangua machungwa matatu, ganda la juu tu, akatosheka na kilichopatikana. Akakamua moja kikombeni. Ilibaki kutia maji yake. Kiasi. Akapima gramu tano, asije akazidisha. Kijiko kimoja, basi. Akamimina.

Ala! Chokoleti ikashtuka. Ule mng'ao ukapotea mbele ya macho yake, ikasinyaa, ikajikusanya, ikawa mabonge makavu yanayong'ang'ania mwiko kama udongo. Akakoroga kwa nguvu, ikazidi kukaza. Ya mwisho, hiyo. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini na tano.

"Imeharibika," alisema.

"Bado."

Na hapo ndipo alipopasuka.

"Bado nini? Tangu asubuhi bado, bado! Miezi minne bado! Chokoleti imekufa, mwanao yuko njiani anakuja kukuchukua, nguo zako zimo begini, mimi nazunguka humu kama kichaa, halafu wewe unakaa hapo na bado yako! Bado nini? Niambie basi!"

Sauti yake iligonga kwenye sufuria zilizotundikwa. Hakuwahi kumpigia mkewe kelele tangu augue, na kabla ya hapo pia zilikuwa za kuhesabika. Mkewe hakulia. Alimkazia macho tu, na mzee akanywea, akaona aibu mpaka masikioni. Alichukua bakuli aende akalimwage, ili walau kitu kimoja kiishe siku hiyo.

Kishindo kikamgeuza. Mkewe alikuwa amepiga meza kwa mkono wa kushoto. Akapiga tena. Kisha akanyoosha kidole kwenye kikombe cha maji ya chungwa.

"Hayo ndiyo yaliyoiharibu, bibie."

"Bado."

"Nikiongeza si ndiyo naimaliza kabisa?"

"Bado!"

Basi alirudisha bakuli kwenye mvuke, akatia kijiko kimoja. Ikawa mbaya zaidi. "Unaona?" alisema. "Bado." Akatia cha pili kwa hasira. "Bado." Akatia tena, akikoroga huku mkono unamuuma, na kila alipoinua kichwa neno lilikuwa palepale likimngoja. Hesabu ikampotea. Yeye, Mzee Gramu, hakujua tena ametia vijiko vingapi! Mara mwiko ukawa mwepesi. Ukingoni mwa bakuli kitu kililegea, kikateleza, ule mng'ao ukaanza kurudi kidogo kidogo mpaka bakuli zima likawa laini. Mzee alitia kijiko kingine, akainua macho, akasubiri.

Kimya.

"Basi?" aliuliza, karibu kwa kunong'ona.

Mkewe alifumba macho mara moja, akayafumbua.

Siagi ilikwenda hivyo hivyo. Biskuti nazo alizimimina kutoka mkononi, bado, bado, bado, mpaka kimya. Mizani ilikaa pembeni ya meza, mshale wake kwenye sifuri, wala hakuna aliyeitazama. Mchanganyiko ulipopoa kidogo mkewe alichovya vidole vya kushoto, akaviringisha kidonge kibaya, cha pembepembe, akakiweka mdomoni. Akala kingine. Akalamba vidole.

"Umeshiba?" mzee aliuliza, kwa mazoea tu, huku akinyoosha mkono kuchukua bakuli.

"Bado."

Mkono wake ukasimama hewani.

Hilo ndilo swali alilomwuliza asubuhi, mchana na jioni, miezi minne mizima. Umeshiba? Bado. Naye, kwa kuwa daktari alikwisha kumwambia neno halina maana, akamfuta mdomo, akachukua sahani nyeupe, akaenda kuiosha. Aliivuta droo, akaitoa ile karatasi ya hospitali. Juu kabisa, kwa herufi ambazo hazikujificha hata kidogo, ilisema: Wiki ya kwanza.

Mzee alikaa chini. Alikuwa amemshindisha mkewe njaa kwa gramu, bila kukosea hata moja, na mkewe alikuwa akimwambia kila siku. Alilia, ndiyo, kifudifudi kwenye meza ile yenye makombo ya biskuti, na mkono wa kushoto wenye chokoleti ukaja ukakaa juu ya upara wake.

Gari lilisimama nje saa nane kasoro. Binti aliingia bila kubisha, mkoba begani, funguo mkononi.

"Shikamoo baba. Kuna nini kimeungua humu?"

"Marahaba, mwanangu." Alisimama, akajifuta uso kwa kiwiko. "Kosa ni langu. Nilikuwa nampa chakula kidogo. Alikuwa anasema, mimi sikusikia."

"Alikuwa anasema nini?"

Binti alimtazama baba yake, akaitazama sufuria nyeusi iliyoungua, kisha mama yake, ambaye alikuwa na chokoleti kidevuni na anatafuna. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Mama, nimekuja. Twende?"

"Bado."

Binti aligeuka. "Baba, si daktari alisema neno hilo ni la mdomoni tu?"

"Alisema," mzee alijibu. "Muulize tena."

"Mama." Safari hii aliuliza polepole, amemshika goti. "Twende kwangu?"

"Bado."

Begi lilikuwa palepale mlangoni. Kisha mama, kwa mkono wa kushoto, akalisukuma chungwa moja mezani mpaka likafika mbele ya binti yake, na kikwangulio akakisukuma nyuma yake. Binti alivitazama vitu hivyo viwili. Aliweka funguo mezani, akavuta kigoda, akakaa, mkoba bado u begani.

"Nikwangue kiasi gani, baba?"

Mzee alifungua kinywa, kisha akakifunga, akamtazama mkewe.