Mtugutu Nyuma ya Bafu

"Shoga, hicho kichaka cha maua nyuma ya bafu lako, nani alikupandia?"

Jirani yake, fundi cherehani, alimuuliza mjane hivyo siku moja akichungulia juu ya ukuta, kanda ya kupimia ingali shingoni. Mjane hata hakuwa ameona kwamba kimechanua. Ulimi ukamtangulia: "Marehemu."

"Weee! Wangu mimi yu hai, na hata mchicha hajanipandia!"

Jirani akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Lakini lile neno lilimkaa mjane, mwisho akaliamini mwenyewe. Kila alfajiri, akishamaliza kusali, akawa anatoa kigoda, anakaa pale kuyatazama yale maua madogo ya zambarau na kumsimulia mumewe habari za jana. Watoto wakipiga simu aliwaambia, "Baba yenu kaniachia ua." Wakamuuliza ni ua gani. Basi akamwita muuza miche wa barabarani aje akiangalie kile kichaka.

Yule bwana alikuja na kisu chake kidogo. Akachuma jani, akampa. "Tafuna, mama."

Mjane akatafuna, akakunja uso, akatema. "Mola wangu! Shubiri hii!"

"Ndiyo wenyewe. Mtugutu."

"Mtugutu," akarudia taratibu, kama anayesoma ubaoni. "Miche yake huuzwa wapi?"

"Nani anunue? Wa porini huu, mama. Unajiotea tu."

"Huu haukujiotea. Ulipandwa."

Muuza miche hakubisha. Alipiga magoti, akafukua udongo shinani, akamwonyesha kisiki kinene kilichojaa makovu, kovu juu ya kovu.

"Cha kupandwa hakifanywi hivi. Umekatwa huu, ukachipua, ukakatwa tena, miaka na miaka. Huyo mkataji alikuwa na kinyongo nao, mama. Hakuuachia utoe hata ua moja. Nani huyo?"

Mjane aliyatazama makovu. Akalisikia tena kichwani lile fyekeo la kila Jumamosi baada ya chai, na yeye jikoni anaosha vikombe, hageuzi hata shingo.

"Mume wangu," akasema. "Mpaka wiki aliyougua."

 Muuza miche akaurudishia udongo kwa kiganja, polepole, akaushindilia. Kisha akafuta kisu kwenye suruali, akainuka, akatoka langoni.