Vidole Havikuapa

Hasira za Bi Meno hazikuwa moto wa karatasi, wa kuwaka na kuzima. Zake zilikuwa moto wa pumba: unafuka ndani kwa ndani, ukidhani umekwisha unatia mkono, unababuka. Alikuwa fundi wa meno bandia, mtu wa nta na plasta na visu vidogo, na kazini wateja walimsifu kwa subira. Hawakujua kwamba subira yote aliimalizia hukohuko kwenye mataya ya watu. Nyumbani alikuwa harudi hata na chembe.

Mchana huo alikuwa amepiga magoti sakafuni, kichwa chini ya meza ya televisheni, akiitukana kompyuta.

Haikuwa kompyuta ya leo. Ilikuwa ile ya nyumbani ya zamani, kibodi nene ya rangi ya chai ya maziwa, isiyo na kioo chake yenyewe. Ilitaka kuunganishwa na televisheni ndipo ionyeshe maandishi, tena herufi kubwa tupu, maana ndogo haikuzijua. Pembeni yake ilikaa modemu, kisanduku cha bati chenye taa moja, kitufe kimoja cha kushika laini na swichi moja. Kisanduku hicho kiliyageuza maandishi yakawa mluzi ndani ya laini ya simu, na modemu ya upande wa pili ikaugeuza mluzi ukawa maandishi tena. Baba yake alinunua jozi mbili za kompyuta na modemu kutoka ofisi moja iliyokuwa inafungwa, moja ya Bi Meno, moja ya mdogo wake wa kiume. Watoto wale walikulia humo, kila mmoja chumbani kwake, waya wa simu ukipita kati yao, wakiandikiana upuuzi na kucheka mpaka ukuta ukasikia. Sasa baba alikuwa amekufa, na watoto walikuwa watu wazima wasiosemeshana.

Mdogo mtu, ambaye kila mtu alimwita Barafu kwa kuwa alitengeneza mafriji, alimzika baba bila kumsubiri dada yake. Bi Meno alikuwa safarini. Alipopata habari alipanda basi la kwanza, akafika akakuta udongo umeshafukiwa na watu wanakunja viti. Akaambiwa kwamba Barafu ndiye aliyeshikilia maziko yaharakishwe, na kwamba jeneza lilikuja limepigiliwa misumari, hata mama hakuruhusiwa kumwona mumewe. Alipomuuliza kwa nini, Barafu aliangalia chini akasema, "Niliona iwe hivyo."

Niliona iwe hivyo! Kama mtu aliyechagua rangi ya pazia! Bi Meno aliapa palepale, mbele ya waombolezaji, kwamba mdomo wake hautamsemesha mtu huyo tena. Barafu, naye kiburi si haba, akajibu kwamba wake pia umefungwa. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na hakuna aliyelegeza uzi.

Na wangeendelea kuukaza kama si shingo ya mama. Uvimbe ulikuwa umemtoka kooni, ukakua taratibu, na sasa ulibana njia ya hewa. Akipanda ngazi tatu alisimama kutafuta pumzi. Daktari alisema ukatwe kabla haujaziba kabisa, na gari la hospitali lilikuwa lije kumchukua alasiri hiyo. Mama akagoma. Aliketi kwenye kochi la binti yake, mkoba umefungwa, akasema kwa sauti yake iliyokwaruza, "Siendi kupasuliwa nikiwa na watoto wawili mabubu. Nisipoamka, nani atamwambia mwenzake?"

"Mama, mimi niliapa."

"Uliapa mdomo. Vidole havikuapa. Toa ile mashine ya baba yenu."

Bi Meno akapendekeza ujumbe wa simu ya mkononi. Mama akamtazama kama anayetazama pesa bandia. "Ujumbe wa simu hata matapeli wananitumia. Mimi nataka kuona kwenye televisheni, kwa macho yangu."

Ndiyo maana fundi wa meno alikuwa chini ya meza. Televisheni ilionyesha chenga tu. Akakaza waya, chenga zikabaki. Akaupiga kofi ubavu wa televisheni, zikaongezeka. Mwishowe akachomoa plagi ya nyuma ya kompyuta, akaona vyuma vyake vimeota ukungu wa kijani. Akavisugua kwa spirti na kimswaki kile kile anachosafishia meno ya watu. Alipoirudisha, kioo kikawa cheusi na kijistari cheupe kikaanza kupepesa.

"Imeamka," mama akasema.

"Imeamka nini, Mama? Kama yule hajui kuwasha yake tunafanya kazi bure."

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa wifi yake, mke wa Barafu, mwanamke mpole aliyeolewa kwenye nyumba yenye vita bila kuambiwa. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupiga, maana suala la nani ampigie mwenzake lilikwishashindikana asubuhi. Bi Meno alisema mkosaji ndiye hupiga. Barafu alisema hajakosa. Basi akapiga wifi, heshima ya kila mmoja ikabaki salama.

"Haya wifi, tuko tayari huku," akasema. "Niache simu?"

"Mwambie mumeo abonye. Mimi nabonya."

Wakabonya. Kutoka kwenye kisanduku ukatoka mluzi mkali, ukafuatwa na mwingine juu yake, miluzi miwili inayopigana. Mama akaziba masikio. Taa ya modemu haikuwaka. Kwenye kioo kijistari kilipepesa, kikapepesa, hakuna herufi.

Simu ikalia tena. "Wifi, haijashika."

"Naona haijashika! Mwambie akaze waya zake."

"Anasema zake zimekazwa, labda zako."

"Zangu! Zangu nimezisafisha kwa mswaki! Muulize yeye amesafisha kwa nini, kwa mate?"

Wakarudia. Miluzi miwili, taa imekufa. Wakarudia tena. Bi Meno alibadilisha waya wa simu, akabadilisha soketi ya umeme, akaitikisa modemu kama chupa ya dawa. Kila waliporudia mama alivuta pumzi kwa shida zaidi, na kila alipomsikia mama anavuta pumzi, Bi Meno alimchukia Barafu upya. Alikuwa na hakika kijana yule anamfanyia makusudi. Amekaa kule, miguu juu ya meza, anabonya vibaya ili aje aseme dada ndiye aliyeshindwa. Mtu aliyemfukia baba haraka haraka kama anayeficha mali ya wizi atashindwa na nini?

"Miaka ile mlikuwa mnafanyaje?" mama akauliza.

"Si tulibonya tu!"

"Na ile swichi?"

Bi Meno akaitazama swichi. Upande mmoja baba alikuwa ameuchora nukta nyekundu, upande wa pili nukta ya buluu. Nyekundu ni ya anayepiga, buluu ni ya anayepokea. Modemu hizi haziwezi kuelewana zote zikiwa upande mmoja, kama watu wawili wanaosema kwa pamoja. Yake ilikuwa kwenye buluu. Bila shaka. Yeye hakupiga, alipigiwa. Polepole, kwa uchungu wa mtu anayeona koti lake amelivaa kinyume mbele ya wageni, akaelewa kwamba Barafu naye hakupiga. Aliyepiga ni wifi. Wote wawili walikuwa kwenye buluu, kila mmoja mpokeaji, kila mmoja mwenye haki yake.

Simu ilipolia alikuwa tayari. "Mwambie mumeo aweke nyekundu."

Minong'ono ikasikika. "Anasema wewe ndiye uweke nyekundu. Anasema yeye hakukupigia."

"Wala mimi sikumpigia! Mwambie hivi, mimi ni mkubwa wake, nilimfunga viatu nikampeleka shule, siwezi kuweka nyekundu kwa ajili yake hata mashine ikiungua!"

Wifi akapumua. "Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Mimi leo nimebaki kushika simu. Jamani, mama yenu yule."

Bi Meno akageuka. Mama alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi, kidole kimoja kikibonyeza pembeni mwa uvimbe kama anayetafuta nafasi. Hakulalamika. Alitazama kioo cheusi cha televisheni na kungoja.

Basi Bi Meno, akiwa amegeuza mgongo ili asionekane hata na kuta, akasukuma swichi kwenye nyekundu. "Bonyeni," akasema kwa ukali, ili mtu asidhani amelegea.

Safari hii haukutoka mluzi wowote. Laini ilinyamaza kama kisima. Taa imekufa.

"Amekata!" akapiga kelele. "Umeona, Mama? Amekata simu! Huyu si mtu, huyu ni..."

Simu ikalia. "Wifi, mbona umekata?" mke wa Barafu akasema, naye sasa sauti ikipanda. "Mwenzio ameweka nyekundu! Amemeza kiburi chake, ameweka nyekundu kama ulivyotaka, na wewe unakata!"

Bi Meno akaitazama swichi yake kwenye nyekundu. Shingo ikamwaka joto. Wote walikuwa wamemeza, kwa wakati mmoja, kwa siri, na sasa modemu zote mbili zilikuwa za mpigaji, kila moja imenyamaza ikingojea mluzi wa mwenzake.

"Mwambie asiguse kitu," akasema chini chini. "Asiguse chochote." Akairudisha yake kwenye buluu, na hakutoa maelezo.

"Wewe pia ulikuwa umeigeuza," mama akasema nyuma yake.

"Mama, tafadhali."

Mluzi mmoja ukatoka. Mwingine, wa chini zaidi, ukaujibu. Taa ya modemu ikawaka nyekundu, ikatulia. Mama alijivuta mbele, akasogea hadi karibu na televisheni, akaweka kidole kwenye kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi zikaanza kutoka moja moja, kwa kasi ya mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

SHIKAMOO DADA

"Shi-ka-moo," mama akasoma, akatabasamu. "Mjibu."

Bi Meno akaandika MARAHABA, akizipiga funguo kana kwamba ndizo zilizomkosea. Kisha, kabla hajajizuia, akaongeza:

KWA NINI HUKUNISUBIRI

Kijistari kikapepesa. Kikapepesa sana. Anatunga uongo, Bi Meno akawaza. Ngoja tuone uongo wa leo una rangi gani.

NIMECHOKA KUBEBA HILI PEKE YANGU, Barafu akaandika.

"Ni-me-cho-ka," mama akaanza, kidole kikitembea. "Ku-be-ba..."

FRIJI LA MOCHWARI LILIHARIBIKA USIKU ULE. WALINIITA MIMI NILITENGENEZE. NILIHANGAIKA MPAKA MCHANA NIKASHINDWA. JOTO LILIKUWA KALI. DADA BABA ALIKUWA AME

Bi Meno aliyasoma kwa mara moja. Alimwona mdogo wake amelala chali kwenye sakafu ya mochwari, spana mkononi, mashine imekufa juu yake, na baba nyuma ya mlango wa bati, na jua linapanda. Alimwona akichukua nyundo na misumari. Aliisikia ile "niliona iwe hivyo" kwa maana yake yote, na akataka kumkaba kwa mikono yake, kwa kuwa alinyamaza, kwa kuwa alimwacha amchukie miaka yote hii kwa jambo ambalo lilistahili kuliliwa na watu wawili.

"...hi-li pe-ke ya-ngu," mama akamaliza. Kidole kikashuka mstari wa pili. "Fri-ji... la..."

Bi Meno akanyakua mkono wa simu.

Mluzi ulimpasua sikio. Akapiga kelele ndani ya simu, kelele tu, na kwenye kioo herufi za wazimu zikamiminika, alama na tarakimu na nyota, zikayasukuma maneno ya Barafu juu mpaka yakatoka. Taa ikazimika. Kule ng'ambo mtu akainua simu.

"Acha kuandika!" Bi Meno akasema. "Mama anasoma!"

Kisha, kwa sauti aliyokuwa ameisahau jinsi ilivyofanana na ya baba yao, "Dada?"

"Dada nini! Fundi mzima unashindwa na friji, unanyamaza? Huna ndugu wewe?"

"Sikutaka mumwone vile. Wewe na Mama."

"Nani alikuambia ubebe peke yako? Nani? Ungeniambia mimi!"

"Ungefanya nini?"

"Ningelia na wewe, mjinga mkubwa!"

Kutoka kwenye simu akamsikia analia, kilio cha mwanamume asiye na mazoezi, kinachokwama na kurudi. Naye hakumbembeleza. Alisimama pale anahema, chozi linashuka puani, hasira imemjaa kifuani na haijui tena ikakae wapi.

"Friji gani hilo?" mama akauliza.

Bi Meno akafunika simu kwa kiganja. "La kazini, Mama. Lilimshinda kutengeneza."

"Ndilo mnaloligombania?"

"Ndilo."

Mama akamtazama usoni, akatazama zile alama zilizoganda kwenye televisheni, akamtazama tena. Kama alielewa zaidi ya alichosoma, hakusema. "Haya, gombaneni," akasema. "Mradi ni kwa midomo. Nipe viatu vyangu."

Nje honi ikapigwa.

"Njoo hospitali sasa hivi," Bi Meno akasema kwenye simu. "Nikikuona nitakuzaba kibao."

"Nakuja, Dada."

Akaweka simu, akapiga magoti mbele ya kochi kumvisha mama viatu, kwa kuwa akiinama mwenyewe pumzi hukata. Mikono yake, inayoweza kuchonga jino dogo kama punje ya mchele, ilishindwa na kifungo.

"Mbona hata kifungo kinakukataa?" mama akauliza. "Si mmeshasemeshana?"

"Bado nina hasira, Mama."

"Na nani?"

Bi Meno alijaribu kifungo tena, kikateleza, akajaribu tena, mpaka kikashika.