Ulimbo Mikononi mwa Bok-rye

Nitegulie hiki, wewe uliyekaa hapo: nikikifumba hakina kitu, nikikifumbua kinajaa. Umeshindwa? Kiganja. Sasa sikiliza habari ya viganja vya wifi yangu Bok-rye, na kama unakula, weka kijiko chini kwanza.

Mdogo wangu Deok-su alipigwa na kiharusi wakati wa joto, akawa mtu wa kulala. Mkewe, Bok-rye, akaapa kumsimamisha kwa maombi. Kila alfajiri alipanda mlima ulio nyuma ya kanisa, akakumbatia msonobari, akaomba kwa kelele huku akiutikisa. Kwetu Jeongseon husemwa kwamba mwombaji wa kweli huomba mpaka mti ung'oke. Alishuka na sauti ya chura na ulimbo mweusi viganjani, wala hakuuosha. Jumapili aliinua mikono watu wauone. Mzee wa kanisa Maeng akamsifu mbele ya wote: mama huyu ana nguvu, Mungu atachoka kabla yake. Watu wakaitikia amina. Mimi mate yalinijaa kinywani kama mtu anayetaka kutapika. Mungu achoke?

Sisi wanawake wa kanisa tulijitolea kwenda kwa zamu, tumgeuze mgonjwa na kumwogesha. Bok-rye akatukatalia mlangoni. Alisema tukimsaidia, itaonekana imani yake haikutosha.

Asubuhi moja ya vuli nilipeleka uji wa mchele, yeye bado yuko mlimani. Nikaingia. Harufu ilinipokea kabla ya mdogo wangu: nzito, tamutamu, kama samaki aliyesahauliwa juani. Deok-su alikuwa amelala chali kwenye sakafu, ambayo kwetu hupashwa moto kwa chini, nayo ilikuwa imepashwa kupita kiasi. Nilipomwinua kidogo, shuka ilikuja na ngozi. Chini ya kiuno palikuwa na shimo la kutosha yai, limejaa usaha, na ndani yake kitu kinacheza. Funza. Alinitazama, machozi yakamtiririkia masikioni. Nilitoka nikatapika kando ya mitungi ya soya, nikarudi. Kidonda kilinichukiza, lakini ile amina ilinichukiza zaidi.

Nikapiga simu zahanati. Wakasema wanakuja, ila alazwe ubavu sasa hivi.

Hapo Bok-rye akaingia, akanikuta nimeinama na beseni.

"Wifi, nani kakuita?"

"Pua yangu."

"Mwache. Kesho naanza kufunga, atainuka."

"Atainuliwa na wachimba kaburi. Njoo uone ulichokifuga."

Hakusogea. Alisimama pale amekunja ngumi, kama anayelinda mali.

"Huyo Mungu unayemtikisa kila alfajiri," nikamuuliza, "bila wewe anaweza?"

Nikamgeukia mgonjwa, nikamkamata mabega nimgeuze. Wapi. Mwanamume mzima, na mimi mgongo wangu umekwisha kwa kuinamia kabichi. Alinitoka mikononi, akaangukia kidonda, akalia mlio ambao sitaki kuusikia tena.

Bok-rye akapiga magoti. Alijaribu kukunjua vidole, ulimbo ukavishika. Akavibandua kimoja kimoja kwa meno, akitema uchafu ule mweusi sakafuni, mpaka viganja vyote viwili vikawa wazi.

"Anaweza," akasema. "Bila mimi anaweza. Shika mabega, wifi, nami nishike miguu. Halafu waite wenzako waje."