Kununua Gari Msibani

Mwaka 1976 ukitaka gari jipya ulihitaji kibali, na ukitaka kibali ulihitaji kuwa mtu. Isakwisa Mwaijande hakuwa mtu. Alikuwa karani wa ardhi katika ofisi ya mkoa pale Sumbawanga, mwenye baiskeli ya serikali na kofia ya sufu aliyofumiwa na mama yake huko Tukuyu kwa ajili ya baridi ya Ufipa. Watu wa aina yake walinunua magari yaliyotumika, mkono kwa mkono, bila duka wala dalali, kwa kusoma vikaratasi vilivyobandikwa kwenye ubao wa posta.

Kikaratasi alichokiona mwezi wa Juni kilisema: "Nauza gari dogo la spoti, jekundu, la watu wawili, paa la turubai la kukunja. Lilikuwa la injinia wa barabara, akaniachia aliporudi kwao. Muone Marselino, fundi, kambi ya barabara, Matai."

Gari lile alikuwa amekwisha kuliona. Mwaka uliotangulia injinia mwenyewe aliliegesha mbele ya boma, na Isakwisa akasimama na baiskeli yake akilitazama mpaka akachelewa kazini. Lilikuwa fupi kiasi kwamba mbuzi angeweza kuchungulia ndani bila kuinua shingo. Kichaa kilimwanzia hapo. Mkuu wake wa ofisi alipopata habari kwamba karani wake anataka kulinunua, alimcheka mbele ya wenzake wote.

"Nchi nzima tunaambiwa tuishi pamoja, mwenzetu anatafuta gari la viti viwili! Huyo wa tatu atakaa wapi, ndugu?"

Isakwisa hakujali wa tatu. Wa pili alimjua: Atusaye, mchumba wake, mwalimu wa shule ya msingi huko Rungwe, ambaye baba yake alikuwa akilizungusha suala la mahari mwaka wa pili sasa. Akiba ya Isakwisa ya miaka minne ndiyo ilikuwa mahari yenyewe. Lakini alijiambia kwamba akitokea kwa mzee na gari lile, mzee atalainika, na ng'ombe watazungumzwa baadaye. Mtu akishapenda gari, hesabu zake huwa za namna hiyo.

Akaandika barua. Marselino akajibu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa makarani wengi. Wakaandikiana tena. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, ila bei walipatana, na barua ya mwisho ilisema: "Njoo Jumamosi na fedha. Gari lipo. Hata mke wangu Silvana anajua habari yako."

Jumamosi hiyo Isakwisa alidandia lori la mahindi mpaka Matai, bahasha ya kaki ya serikali ikiwa imetuna ndani ya shati, imefungwa kwa kamba mara tatu. Alifika yapata saa sita mchana, akaelekezwa nyumba za kambi. Nje ya nyumba ya Marselino kulikuwa na watu wengi. Wanawake wamekaa chini, wanaume wamezunguka moto. Na pale ubavuni mwa nyumba, chini ya mkaratusi, jekundu lile lile, lilikuwepo gari lake.

Ndani ya gari alikaa mtu aliyevaa ovaroli kubwa kuliko mwili wake na kofia ya udereva iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa akizungusha usukani kwa nguvu zote na kuunguruma kwa mdomo.

"Habari za hapa, ndugu," alisema Isakwisa. "Namtafuta Ndugu Marselino."

"Umempata. Ndiye mimi."

"Mimi ni Isakwisa, kutoka Sumbawanga. Nimekuja kwa habari ya gari. Bei ni ile ile?"

Yule mtu aliacha kuunguruma. Akamtazama juu mpaka chini, kisha uso ukamchanua. "Karibu sana! Ulichelewa wapi? Bei ni ile ile. Lete fedha kabla hawajanizika!"

"Kwani kuna msiba hapa?"

"Mkubwa. Nimekufa jana alfajiri. Nazikwa saa tisa."

Wanawake waliokuwa karibu waliangua kicheko, wengine huku wakifuta machozi. Isakwisa naye akacheka kidogo, kwa adabu. Alinusa pombe. Akaona mambo yako wazi: jirani kafariki, Ndugu Marselino kajipoza kwa kikombe, na kikombe kimekuwa kikubwa.

Sasa hapa inabidi niwatetee wote wawili. Baba yake Isakwisa alikuwa mchungaji wa Kimoraviani, mkali, na wanawe aliwalea ndani ya ua wa misheni. Mazishi waliyoyajua ni ya wimbo na ukimya. Utani Isakwisa aliujua ule wa ofisini, wa kuulizana nani kala panya. Utani wa msibani hakuwahi kuuona: kwamba mtani huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akakalia mali zake mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu kidogo, na akamdhihaki maiti mwenyewe ili walio hai wapate kupumua. Mtu yule kwenye gari alikuwa Adolfu, mtani wa ukoo wa Marselino, aliyetoka Kaoze usiku kucha kuja kufanya kazi yake.

Na Adolfu naye alaumiwe kwa lipi? Mtu anatokea kwenye nyumba yenye maiti ndani, hasemi pole, anauliza bei ya gari. Nani mwenye akili timamu anafanya hivyo kama si mtani? Adolfu aliamini amepata mwenzake wa mbali, tena aliyekuja na mchezo wake umekamilika.

"Liwashe basi, nisikie injini," alisema Isakwisa.

"Tangu jana siwezi kuendesha."

"Ufunguo je?"

"Anao mjane wangu. Utapewa wakishanifukia."

Kicheko tena. Isakwisa alitoa ile bahasha, akashindwa kufungua fundo, akaitoa na kamba yake. Adolfu aliipokea kwa mikono miwili, akaipimapima uzito. "Loo! Umeitengeneza hasa!"

"Huhesabu?"

"Nitahesabu huko niendako."

Bibi mmoja alicheka mpaka akashikilia mbavu. Isakwisa aliomba hati ya mauzo, Adolfu akachora msalaba kwa mkaa nyuma ya kiberiti, akampa. Huyu ndiye mwenye mwandiko ule mzuri? Isakwisa alilishangaa hilo, lakini hakupata nafasi ya kulifikiria, kwa sababu watu walikuwa wakimpa mkono, mama mmoja kamletea ugali na maharage, na mzee mmoja alimwambia, "Mwanangu, umefanya vizuri kuja. Tulikuwa tunalia tu." Hajawahi mnunuzi wa gari kuheshimiwa vile. Alikula akiwa hana raha, bila kujua kwa nini.

Saa tisa jeneza likatolewa. Isakwisa alifuata msafara kwa ajili ya ufunguo. Njiani alimuuliza aliyekuwa karibu naye, "Marehemu hasa ni nani?"

"Marselino."

"Marselino yupi?"

"Si yule aliyekuuzia gari!" alijibu yule mtu, akampiga begani kwa furaha.

Isakwisa alitembea hatua kumi bila kuiona ardhi. Wanaitwa Marselino wangapi hapa? Ni baba na mwana? Au watu hawa wote wamelewa? Mbele yake mtu wa ovaroli alikuwa akitembea kwa kuchechemea, na watoto walikuwa wakimwonyesha kwa vidole: ndivyo alivyokuwa akitembea baba yao.

Jeneza lilipokwisha kushushwa, Adolfu aliruka mpaka ukingoni mwa kaburi. "Marselino!" alipaza sauti. "Gari umeuza! Hela zako hizi hapa, usije ukarudi kutudai!" Akaitupa bahasha, ikagonga ubao kule chini.

Isakwisa alipiga yowe. "Hela zangu! Jamani, hela zangu! Nitoleeni hela zangu!"

Mpaka leo watu wa Matai wanasema hakujatokea utani kama ule. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Isakwisa alikimbilia shimoni, wanaume wanne wakamdaka, nao wakicheka, na kadiri alivyotupa miguu ndivyo walivyompongeza. "Lia, mtani, lia!" Udongo ulikuwa ukishuka kwa majembe sita. Alilia machozi ya kweli, akawataja baba yake, Atusaye na miaka minne. Kila jina lilizaa kicheko kipya. Kisha udongo ukajaa, Dominiko katekista akainua mkono, utani ukakoma, na Isakwisa akajikuta amepiga magoti katikati ya watu wanaosali.

Walipokwisha kusali, mjane alimsogelea. Silvana alikuwa mwanamke mrefu, sauti imemkauka kwa siku mbili za kilio.

"Pole na kazi, baba. Umetusaidia. Wewe ni mtani wetu wa wapi?"

Isakwisa aliinuka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua mbili. Silvana alitazama mwandiko. Akasema polepole, "Wewe ndiye Isakwisa, mnunuzi wa gari."

Waliokuwa karibu waligeuka. Habari ikasambaa mpaka kwa wale waliokuwa wakikusanya majembe. Adolfu alivua kofia ya marehemu, akawa mzee mdogo mwenye mvi.

"Nilidhani ni magazeti," alisema. "Shemeji, haki ya Mungu, nilidhani kajaza magazeti." Akaanza kulia, safari hii bila kuigiza mtu. Kisha akalitwaa jembe. "Nafukua mwenyewe. Nimeitupa mimi, nitaitoa mimi."

"Huwezi," alisema Dominiko. "Udongo umebarikiwa."

"Basi huyu mtu afanywe nini?"

Hapo kila mmoja alikuwa na lake. Wapo waliosema ukoo uchange, lakini wakitazamana viatu, wengi hawakuwa navyo. Silvana aliwaacha waseme.

"Mume wangu hafukuliwi kwa ajili ya karatasi," alisema mwishoni. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo na kadi ya gari iliyokunjwa. "Alikuwa na homa wiki mbili, na kila lori lililopita aliniuliza kama ni wewe. Ulikuja. Ulimlipa. Fedha anazo mwenyewe. Chukua gari lako."

"Lakini wewe, mama? Wewe utapata nini?"

"Nyumba hii ni ya kambi. Mwisho wa mwezi tunatoka. Fedha zile zilikuwa za kujengea kwetu Kaoze." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia. "Hilo si lako. Sitaki Marselino alale na fedha za mtu ambaye hakupewa kitu."

Isakwisa aliupokea ufunguo. Alijua afadhali angeukataa, na alijua pia kwamba akiukataa anarudi Sumbawanga bila mahari na bila gari, kichekesho cha ofisi nzima. Akaupokea. Usiku alilala kwa Dominiko, au tuseme alilala chini, maana usingizi haukuja.

Asubuhi, katikati ya ukungu, Adolfu na wanaume wawili walilisukuma gari mpaka likawaka. Hakuna aliyecheka. Silvana alisimama mlangoni na watoto watatu, akainua mkono mara moja.

Furaha aliyoingoja mwaka mzima haikumpanda ndani. Gari lilikimbia vizuri, injini ya Marselino ilikuwa safi kabisa, ila tumbo lake lilikwaruza kila tuta, na watoto wa vijijini walilishangilia, naye alitamani wangenyamaza. Alijaribu kupanga kesi yake. Mimi nimelipa: kweli. Silvana hakulipwa: kweli. Mimi sikumdhulumu. Yeye hakunidhulumu. Adolfu hakuiba hata senti. Basi mbona mtu mmoja amebaki hana nyumba? Aliirudia hesabu hiyo mpaka uwanda wote ukapita, na kila mara ilimshinda mahali pale pale.

Karibu na mji kulikuwa na kizuizi cha kukagua mahindi ya magendo. Askari alilizunguka gari mara mbili, akiinama kutafuta mahali ambapo gunia lingekaa.

"Kadi ya gari."

Isakwisa alitoa. Ilikuwa bado kwa jina la Marselino.

"Wewe ndiye Marselino?"

"Hapana, afande. Marselino alizikwa jana."

Askari alimkazia macho. "Sasa gari ni la nani?"

Jibu alikuwa nalo, alilifanyia mazoezi tangu Matai. Alifungua mdomo alitoe, likatoka jingine.

"La mama Silvana, mjane wake. Amenipa nimtafutie mnunuzi."

Alilisikia mwenyewe, akashtuka, akangoja kuona kama atalirekebisha. Hakulirekebisha.

"Mnunuzi umempata?"

"Nilimpata," alisema Isakwisa. "Keshalipa. Sasa natafuta mwingine."

Askari alishika kiuno. "Sikuelewi. Na wewe mwenyewe katika biashara hii unapata nini?"

"Hata mimi sijui, afande," alisema Isakwisa. "Naomba unifungulie, niwahi kubandika karatasi posta."