Beseni la Karibu na Tanuri

Mkate ulitoka tanurini umekuwa bapa kama kandambili iliyopitiwa na lori. Shangazi aliugonga mezani mara mbili, kisha akamgeukia Fundi, mzee aliyekanda unga wa duka hili tangu mimi sijaota meno.

"Mikono imechoka, Fundi. Miezi miwili sasa wateja wananirudishia mawe. Jumamosi naleta mtu mwingine."

Fundi alijifuta unga, kidole baada ya kidole. "Duka ni lako, mama. Ila haya mawe nayakanda vilevile nilivyokanda mikate."

Nilikuwa nimerudi juzi na stashahada ya sayansi ya vyakula, na mdomo mrefu kuliko stashahada yenyewe. "Shangazi, hilo ni dhanio tu. Dhanio halimfukuzi mtu kazi kabla halijapimwa."

"Haya, msomi. Lipime. Una mpaka Ijumaa."

Jumatano nikapanga jaribio. Unga uleule, hamira ileile, maji kwa kipimo kilekile. Kitu kimoja tu kibadilike, nacho ni mikono. Fundi akakanda beseni la kwanza, Shangazi la pili, mimi la tatu la kulinganishia. Nikabandika namba chini ya kila moja, nikawatoa nje ili wasijue lipi ni la nani.

"Hata mimi mwenye duka?"

"Hasa wewe, Shangazi."

"Twende, mama," Fundi akacheka. "Leo tunasahihishwa na mtu tuliyemfuta kamasi."

Nikabaki peke yangu. Rafu iliyo chini ya dirisha la kuuzia ilikuwa na nafasi ya mabeseni mawili tu. La tatu ilibidi likae kwenye benchi, karibu na tanuri. Mkono wangu ukalichukua la Fundi. Sikujiuliza kwa nini. Moyo ukitaka kuiba hauagi.

Mkate wake ulivimba ukapita ukingo wa kopo la kuokea. Miwili mingine ililala. Nikawaita ndani, kila mkate ukiwa mbele ya beseni lake; Shangazi aligeuza mabeseni, akasoma namba, akakaa juu ya gunia la unga.

"Basi nimekukosea, Fundi. Baki."

Macho ya mzee yalilowa, naye akasingizia moshi. Nilipaswa kushangilia. Badala yake niliangalia daftari langu: unga, hamira, maji, mikono. Hapakuwa na safu ya mahali. Nani angeuliza? Ningefunga daftari tu, na mtu aliyenipa donge langu la kwanza la unga angebaki na kazi yake. Lakini angebaki nayo kwa uongo wangu, na kesho mkate ungelala tena mikononi mwake.

"Shangazi, subiri. Jaribio limeharibika, na mharibifu ni mimi. La Fundi nililiweka penye joto."

Fundi akanitazama bila hasira. "Binti yangu, usingeweza kunyamaza hata kidogo?"

"Kwa hiyo hatujui lolote?" Shangazi akauliza.

"Tunajua pa kuuliza. Nipeni kesho."

Alhamisi tulikanda upya. Safari hii beseni la Shangazi lilikaa karibu na tanuri, la Fundi na langu chini ya dirisha. Mkate wake ukapanda kama shavu la mpiga tarumbeta. Yetu ikalala.

Nilidhani Shangazi angetamba. Aliuacha mkate wake mezani, akaenda dirishani, akaweka kiganja penye ufa wa fremu. Upepo ulikuwa ukichezesha pindo la kitambaa cha beseni. Dirisha hilo alilitoboa mwenyewe, miezi miwili iliyopita.

"Nilisema litaniletea wateja," alinong'ona.

"Limeleta, mama," Fundi akasema. "Baridi nayo imekuja, tena haikupanga foleni."

Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. Nami, kwa ule mdomo wangu, nikasema, "Bado ni dhanio. Tuhamishe yote kesho ndipo tujue."

Ijumaa asubuhi nilimkuta Shangazi amekwisha kubeba benchi la pili hadi karibu na tanuri. Alichukua daftari langu, akapiga mstari mmoja uliopinda, akaandika juu yake: mahali.

"Na yule mtu wa Jumamosi?" nikamuuliza.

"Kwanza tuone unga."

Fundi aliweka kiganja juu ya kitambaa cha beseni, kwa wepesi, kama anayepima homa ya mtoto aliyelala. Tukakaa watatu tukisubiri. Jibu hatukuwa nalo, lakini Shangazi alikuwa tayari anachonga penseli.