Bega la Kushoto

Wembe ulikuwa mpya, na Fundi, mama aliyetufundisha ushonaji, alikuwa ameshauvunja nusu ili nisijikate. Akaniwekea mezani, juu ya gauni la dada yangu, kisha akarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Anza na bega," alisema. "Usivute. Uzi ukivutwa unakwenda na kitambaa."

Nilijua. Kufumua ndilo jambo la kwanza alilotufundisha pale chuoni, kabla hata hatujaruhusiwa kukalia cherehani. Wengine walinung'unika kwamba walikuja kujifunza kushona, si kuharibu, naye akawajibu kwamba fundi asiyejua kufumua ni sawa na dereva anayejua kwenda mbele tu. Siku hiyo nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Siku ya wembe sikucheka wala sikulia. Tulikuwa tumemzika dada wiki iliyotangulia. Watu walinikumbatia, wakanipa pole, wakanilaza, wakaniamsha nile, nami nikafanya yote kama nilivyoambiwa. Moyo wangu ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiufinya hausemi kitu. Shangazi alinong'ona jikoni kwamba mtoto huyu ana roho ngumu. Nilimsikia, na hata hilo halikuniuma.

Dada ndiye aliyenilea. Wazazi wetu walipofariki aliacha shule akawa mchota maji, anapandisha madumu kwenye ghorofa za watu. Dumu alilibeba kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia aliutumia kushika ukuta wa ngazi. Miaka ikapita, bega la kushoto likashuka, ukimtazama ungedhani anasikiliza kitu kilichoko sakafuni. Aliposikia kuna chuo kinachofundisha ufundi vijana wasio na uwezo, bure, mwaka mmoja tu na hakuna kurudia, alinishika mkono akanipeleka mwenyewe.

"Huyu hapa," alimwambia Fundi. "Ni mvivu, lakini ana macho."

"Macho yanatosha," Fundi akajibu. "Uvivu nitautoa mimi."

Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa gauni. Kila mwanafunzi alichagua mtu, akampima, akamkatia, akamshonea, na siku yenyewe mtu huyo alilivaa mbele ya watahini. Baada ya hapo gauni lilikuwa lake. Ndivyo chuo kilivyowashukuru watu kwa kukubali kusimama kama nguzo huku wakichomwa pini. Dada alichagua kitambaa mwenyewe, cha kijani kilichokolea. Alisema hajawahi kuvaa kitu kilichokatwa kwa ajili yake. Nguo zake zote zilikuwa zimeanza maisha kwa watu wengine.

Nilipofika kwenye bega la kushoto nikasita na futi yangu ya kupimia mkononi.

"Andika lilivyo," dada akasema. "Unaona haya ya nini? Si wewe uliyelila bega hili?"

Nikalikata lilivyo. Kushoto chini kuliko kulia kwa upana wa kidole, na kola nikaiinamisha kidogo ili jicho lisishtuke. Fundi alifumba macho akapitisha vidole juu ya mshono, kisha akaenda kwa mwanafunzi mwingine, na kwake huko ndiko kulikuwa kusifu. Dada alilijaribu mara moja tu. Alijitazama kwenye kioo cha karakana, akageuka huku, akageuka kule.

"Kumbe nimenyooka," alisema.

Homa ilimkamata siku chache baadaye, na haikumwachia.

Niliporudi kutoka msibani, Fundi alikuwa ameshakwenda ofisini kuniombea. Waliruhusu nibadilishe mtu. Tarehe hawakuibadilisha, na kitambaa kingine hakikuwepo. Mpishi wa chuo, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, akakubali kusimama. Urefu wake ulikuwa ule ule wa dada, kifua karibu sawa, lakini mabega yake yalikuwa yamenyooka kama rafu. Gauni likapanda upande mmoja na kujikunja shingoni.

"Mama," nilimuuliza Fundi, "nikiliacha hivi?"

"Watasema hujui kukata bega. Utarudi nyumbani mikono mitupu."

"Na nikifumua?"

"Utakuwa fundi. Na halitakuwa tena la dada yako. Sitakudanganya."

Nyumbani kulikuwa na watoto wawili wa dada, ambao sasa walikuwa wangu, na yale madumu bado yamepangwa mlangoni. Lisilobudi hutendwa. Nikamwomba basi anifumulie yeye.

"Mkono wangu ukigusa, kazi ni yangu," alisema.

Leo nina karakana yangu, na wanafunzi wangu wakiuliza kwa nini sigusi kazi zao huwapa jibu hilo hilo. Wananiona mkali. Sijui kama wanaona pia kwamba siondoki, kama yeye ambavyo hakuondoka siku ile. Aliwatoa wenzangu wote nje, akakaa dirishani bila kushika chochote, mpaka nilipomaliza.

Nilikata uzi, nikautoa, nikafukiza matundu ya sindano kwa mvuke wa pasi mpaka yakaziba. Nikakata upya, nikaunga upya. Mikono ilikuwa inafanya kazi yake na mimi nikiitazama tu, kama mikono ya jirani.

Watahini walikuwa wawili. Walimwamuru mpishi atembee, aketi, ainue mikono kama anayeanika nguo. Gauni likamfuata kila alikokwenda. Mmoja wao, mama aliyevaa miwani, akapitisha kidole begani.

"Safi sana," alisema. "Huyu umempima vizuri."

Nilimtafuta dada kwenye kola, kwenye kwapa, kwenye pindo, na sikumpata. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno.

Nilifaulu. Wenzangu wakapiga vigelegele, wakanirusha juu, nikashuka. Mpishi alikuwa anaelekea nyuma ya pazia na gazeti la kufungia gauni lake.

"Nitalitunza, mwanangu," alisema. "Litatoka kwenye harusi tu."

"Usilivue," nikamwambia. Dada alilivaa mara moja tu; sikutaka kuliona likifungwa kwenye gazeti.

"Nina sufuria motoni."

"Nenda nalo."

"Jikoni? Gauni hili?"

"Ndiyo. Jikoni."

Alinitazama usoni akitafuta mzaha, hakuuona. Akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, akaenda.

Mchana tukapanga foleni na sahani zetu. Alikuwa anapakua na kupiga soga kama kawaida yake, upawa ukamteleza, mchuzi ukamrukia kifuani.

"Ole wangu, gauni langu!" akapiga kelele, akaanza kusugua kwa kitambaa cha vyombo, na doa likazidi kutanuka.

Ndipo nilipoelewa kwamba lilikuwa gauni la mpishi, na kwamba dada yangu hatalivaa. Nililia pale pale, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka foleni nzima ikasimama. Fundi alikuja akaniondolea sahani mkononi, akanikalisha kwenye benchi, akawaambia waliokuwa nyuma yangu wasogee mbele, chakula kinapoa.