Jina Tulilouambia Mti

Jina la mti wenyewe sitaliandika. Sitaki mtu mwingine apande mlimani Kinole na panga mkononi kwa sababu yangu.

Mimi nilipanda mwezi wa tatu, nikiwa na mifuko ya karatasi, kalamu na barua ya kibali. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia na kupata kazi ya usaidizi katika maabara ndogo Morogoro mjini. Tulikuwa tunatafuta, ndani ya mimea ya Uluguru, kitu kinachoweza kuua seli za saratani. Wenzangu katika mradi walikuwa wanatafuta shahada zao. Mimi nilikuwa namtafuta mama. Saratani ya mlango wa kizazi ilimchukua nikiwa kidato cha nne, na mpaka leo siingii kwenye chumba chenye harufu ya dawa bila kuangalia kitandani kama yupo.

Mwenyeji wangu alikuwa mdogo wake, mama mdogo Mosi, mkulima wa ndizi na mdalasini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo nilipofiwa sikuhamia kwa mtu mwingine. Nilihama chumba tu. Ni yeye aliyekuwa anaijua miti, kama bibi alivyomwonyesha.

Tulipofika kwenye mti, nikatoa kisu. Akanishika mkono.

"Kwanza sema jina."

"Jina la nani?"

"La mgonjwa. Unadhani mti unagawa tu, kama pilau ya harusini?"

"Mama, mimi sina mgonjwa. Nina visahani vya maabara."

"Basi rudisha kisu chako kwenye mkoba, uende ukakate visahani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaona haya, na jina likatoka lenyewe, kama kitu kilichokuwa kimekaa mdomoni siku zote: "Sabra. Sabra binti Abdulswamad."

Panga lake lilisimama hewani.

"Umemtaja marehemu," alisema taratibu.

"Nimekosea?"

"Sijui, Hafidha. Sijawahi kumwona mtu akifanya hivyo."

Akabandua gome upande wa mawio, kisha upande wa machweo, akavisiliba vidonda vya mti kwa udongo mbichi. Akaniambia nitangulie na nisigeuke nyuma. Tukiwa njiani kushuka alisimama mara mbili, mkono chini ya kitovu. Nilidhani ni mteremko.

Maabara kila sampuli hupewa herufi na namba. Hiyo niliiandika SA-1, herufi za mama. Nilidhani ni heshima. Sikufikiria kwamba jina hilo lingeitwa mchana kutwa na Wilfred, fundi wetu, mtu wa Turiani mwenye sauti ya kutangazia mpira.

Tulisaga gome, tukalichuja, tukaweka matone ya mchujo kwenye seli za saratani tunazozikuza ndani ya kabati la joto. Kesho yake nikainama kwenye hadubini. Seli hai hushikilia sakafu ya kisahani, zimejinyoosha kama vidole. Zile zilikuwa zimeachia. Zilijikunja kuwa vidonge vidogo na kuelea. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama ulipoachia, najua unavyokuwa.

"SA ameua!" Wilfred alipiga kelele. "Ameua wote!"

Nililia, na haukuwa msiba. Nikatoka nje, nikampigia mama mdogo.

"Mti wako umeua kansa," nikamwambia.

"Sema tena."

"Mti wako, mama. Umeua kansa."

Niliporudi ndani, Wilfred alikuwa anaosha chupa. "Umempigia nani?"

"Nyumbani."

"Mtafiti mzima! Seli nzima, zisizo na ugonjwa, hatujazijaribu. Hata sabuni hii ukiimwaga mle itaua kansa."

"Wiki ijayo tutazijaribu."

Haikuwa wiki ijayo. Seli nzima zilichelewa kuletwa, ikafika wiki ya sita. Katika siku hizo maabara ilinibadilikia. Kila nilipofungua kabati la joto, hewa ya uvuguvugu ilinijia usoni ikiwa na uchungu wa gome, na chini ya uchungu huo kulikuwa na harufu ya khanga ya mama ya siku za mwisho. Nilibadilisha koti, nikaosha kabati. Harufu haikuondoka. Na Wilfred bila kujua aliendelea: SA yuko wapi, SA amebaki kiasi gani, SA ameua tena. Ilifika mahali nikawa nageuka mlangoni, nikitegemea mtu aitike.

Seli nzima zilipofika, tuliweka matone yaleyale. Kesho yake Wilfred ndiye aliyetazama kwanza. Hakupiga kelele. Alinipisha.

Zilikuwa zimeachia zote. Za ini, za ngozi, kila kisahani. Vidonge vidogo, vikielea.

"Huyu hachagui," Wilfred alisema kwa sauti ya chini.

Nilimpigia mama mdogo mara nne. Hakupokea. Asubuhi iliyofuata nikachukua bodaboda kupanda mlima.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye kigoda kando ya jiko la mafiga. Sufuria ilikuwa inachemka, na mvuke wake niliujua kabla sijalifikia ua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Hivyo visahani havikulishi?"

Alipoinua uso kunicheka, nikaona macho yake. Yalikuwa ya manjano, kama kiini cha yai.

"Mama, unakunywa nini?"

"Dawa yako."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Akaingia ndani, akarudi na bahasha. Ilikuwa barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam kutibiwa kwa mionzi. Mlango wa kizazi. Tarehe yake ilikuwa siku tatu kabla ya simu yangu.

"Kumbe siku ile mlimani ulikuwa tayari unaumwa."

"Nilikuwa natoka damu. Nilitaka nikakate gome kwa jina langu, ukaja na mifuko yako." Alikoroga sufuria. "Nilikuwa nimeshafunga begi la kwenda Dar. Ukapiga simu. Nikafungua begi."

Nimesoma miaka mitatu namna ya kuandika matokeo. Hakuna aliyenifundisha namna ya kuyarudisha yakishatoka mdomoni. Nikatoa simu na kumwonyesha picha mbili. "Hizi ni seli za kansa. Hizi ni seli nzima, kama zako za ini. Angalia. Zimekufa vilevile. Mti unaua kila kitu, mama. Macho yako yanasema hivyo hivyo."

"Uliniambia kwa mdomo wako huohuo."

"Nilikosea. Nilisema kabla ya kujua."

"Kwa hiyo bibi yako alikuwa mwongo? Miaka yote ile?"

"Bibi alikuwa anampa mtu kikombe kimoja. Wewe umekunywa wiki sita." Nikatafuta neno lingine, macho yakaangukia migombani, kwenye kaburi la mama, palipoota yale maua madogo ya rangi ya waridi yanayoota yenyewe kwenye makaburi mengi. "Unayaona yale? Ndani yake mlitolewa dawa ya saratani ya damu. Watoto wanapona kwayo hospitali. Lakini ua lenyewe ni sumu. Watu walikaa nalo miaka, wakatenga kinachotibu, wakapima tone kwa tone. Labda na mti wako una kitu. Naamini unacho. Ila bado haujawa dawa, na wewe huwezi kuusubiri."

Aliyageukia maua. Alipozungumza, alizungumza nayo zaidi kuliko na mimi.

"Nimekwenda kwenye ule mti mara saba. Kila nikifika, nataka kutaja jina langu. Nikifungua mdomo, natamka Sabra."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Nilisema ugonjwa ukisikia naitwa Mosi, utajua njia ya kuja." Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Saba, Hafidha. Nimekata gome mpaka mti umebanduliwa pande zote, hauna tena mawio wala machweo. Na yote kwa jina lake. Na dawa ya mtu hainywi mwingine. Hilo bibi yako alilisema kila siku. Nimekuwa nikimnywea marehemu."

Ningeweza kumwambia kwamba ini halijui majina. Lakini ule ulikuwa ukweli wake, na ulikuwa unaelekea kulekule kwenye wangu.

Alinyanyuka, akashika sufuria kwa majani ya mgomba, akaenda kuimwaga mbali na kaburi, mbali na kisima. Mvuke ulipanda ardhini na kusimama kitambo, mwembamba, wa kimo cha mtu. Tuliutazama wote wawili mpaka ulipokwisha.

"Nifungie begi," alisema.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa Msamvu, kituo cha mabasi, kwenye dirisha la tiketi. Alikuwa ameniegemea bega, mwepesi kupita kiasi. Hospitali ya mjini ilikuwa imemwona jioni ya jana yake, ikasema ini limeumia lakini linaweza kurudi, na asichelewe tena hata siku moja.

"Majina ya abiria?" kijana wa dirishani aliuliza, macho kwenye skrini.

Nikataja langu. Kisha nikafungua mdomo kutaja la mama mdogo, na naapa nilikuwa na nia ya kusema Mosi.

"Sab—"

Alinibana mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Akasogeza uso wake wa manjano mpaka kwenye kioo.

"Mosi," alisema, kwa sauti iliyomfanya yule kijana ainue kichwa. "Mosi binti Abdulswamad. Andika vizuri, baba, nisije nikaitwa huko mbele kwa jina la mtu."

"Usijali, mama. Dirishani au kwenye njia?"

"Dirishani."

Gari lilipotoka kituoni, Uluguru ilikuwa nyuma yetu, imejifunika wingu mpaka mabegani. Mama mdogo alikuwa amekaa wima, barua ya rufaa mapajani, anatazama mbele. Tulipoipita Kingolwira hakuwa amegeuza shingo hata mara moja, na nilijua ni kwa nini: ndilo agizo alilonipa siku ile kwenye mti.

Mimi niligeuka, kuangalia kama mama yupo.